Rais Mpya na Riba Yetu ya Kale



Mwezi wa Disemba mwaka wa 2022, miezi minne ilikuwa imetimia tangu Wakenya wapige kura tarehe 9 Agosti, na mitatu tangu Dkt. William Samoei Ruto ale kiapo cha kuwa Rais wa tano wa nchi hii. Mahakama ya Juu ilikwisha kutoa hukumu yake tarehe 5 Septemba, mawakili wakakunja majoho yao wakaenda zao, na picha za wagombea zilizobandikwa kutani zilikuwa zimepauka kwa jua. Lakini huku kwetu Mnarani kesi ilikuwa ingali ikisikizwa, na mahakama yake ilikuwa majikoni, ukumbini na, tunasikitika kusema, vyumbani mwa watu.

Kwamba tumetofautiana si ajabu. Kitaifa, washindani wawili waliachana kwa kura 233,211 tu. Mmoja alipata asilimia 50.49 na mwenziwe 48.85. Hapa Kilifi wengi wa waliojitokeza walimpa kura Bw. Raila Odinga, kama walivyofanya mwaka wa 2013 na wa 2017, na gavana tuliyemchagua, Bw. Gideon Mung'aro, ni wa chama cha ODM. Papo hapo, aliyekuwa gavana wetu kabla yake, Bw. Amason Kingi, alihamia upande wa Kenya Kwanza mwezi wa Mei pamoja na chama chake cha PAA, na baada ya uchaguzi akawa Spika wa Seneti. Bi Aisha Jumwa, aliyeshindwa katika kinyang'anyiro cha ugavana, aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka huo wa 2022. Basi kila upande una mtu wake wa kumnyooshea kidole akasema: huyu ni wetu. Na wako pia wale ambao hawakupiga kura kabisa, nao si wachache hapa Pwani, ambao aghalabu ndio wenye sauti kubwa kuliko wote.

Safu hii haikumpigia debe mtu kabla ya uchaguzi, wala haitampigia sasa. Kutofautiana juu ya mtawala si dhambi. Lililotufanya tushike kalamu wiki hii ni jambo jingine, nalo limeingia kupitia mlango wa dini.

Tarehe 30 Novemba, Rais alizindua ile Hazina ya Hasla aliyoiahidi katika kampeni zake. Mtu hubonyeza *254# kwenye simu, akakubaliwa mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa kadiri atakavyopimwa, akatakiwa aulipe katika siku 14. Juma la kwanza la Disemba, mama mmoja akaaye upande wa kivuko cha zamani, ambaye huamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga mahamri na viazi karai, alikopa shilingi 500. Zilimfikia 475, kwa kuwa asilimia 5 huzuiliwa kuwa akiba yake. Akanunua unga wa ngano na mafuta. Jioni mumewe, dereva wa tuktuk, akauona ujumbe kwenye simu.

(Tumeyabadilisha mambo mawili matatu ili wasijulikane, na wote wawili wameridhia tuyaandike.)

Bwana huyo ni katika waliokesha wakifuatilia hesabu ya kura pale Bomas. Tangu tarehe 15 Agosti hajamtaja Rais kwa jina. Humwita "huyo wenu". Alipoiona hiyo mia tano alisema kwa sauti iliyovuka ua: "Mama, umeniingizia riba nyumbani mwangu. Watoto wangu hawali haramu." Mkewe akajibu: "Babake watoto, na hiyo Fuliza unayotilia petroli kila alfajiri ni sadaka?" Jibu hilo halikusamehewa. Kulipokucha, mama alikuwa njiani kwenda kwao Takaungu na watoto wawili, na mume ameapa kwamba hatamfuata hadi aseme ni nani aliyempigia kura.

Hebu tulitazame deni lenyewe. Hazina hii hutoza asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku. Shilingi 500 kwa siku 14 huzaa shilingi moja na nusu hivi. Ni kidogo; haifiki bei ya hamri moja. Wapenzi wa Rais wameishika hesabu hii kama hirizi, wakasema: riba gani hii ya shilingi moja na nusu? Lakini mashekhe wetu hawakutufundisha kwamba riba hupimwa kwa wingi wake. Katika mwisho wa Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuyaache mabaki yote ya riba, na Mtume (S.A.W.) aliwaweka katika laana moja anayeila, anayeilipa, anayeiandika na wanaoishuhudia. Wanazuoni wa zama zetu wameruhusu mkopeshaji atoze gharama halisi za huduma, kama vile za karatasi na za mitambo. Gharama ya namna hiyo haipandi kadiri siku zinavyopita, wala haikui pamoja na ukubwa wa mkopo. Asilimia inayohesabiwa kwa siku ina jina lake, na kuiita "gharama ya huduma" hakuibadilishi, kama vile kuuita mvinyo maji ya zabibu.

Kwa hiyo yule bwana wa tuktuk, katika hukumu ya mkopo, hakukosea. Tunalisema hili wazi ili lisiwe na utata. Lakini tunamwuliza, na tunawauliza wengi walio mfano wake: riba mmeiona lini?

M-Shwari ilianza Novemba 2012. Ilikuwa ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mia tano kwa mwezi zililipiwa shilingi 37 na nusu, bila kuhesabu kodi. Fuliza ilikuja Januari 2019, nayo ina ada yake ya kila siku. Miaka yote hiyo, katika nyumba zetu za Kiislamu, tumenunulia mikopo hii unga, tumelipia karo ya watoto na, Mola atusamehe, tumenunulia hata futari. Hatukumsikia mume aliyemfukuza mkewe kwa ajili ya M-Shwari. Hatukusikia barazani, penye kahawa chungu na kashata, watu wakitoleana aya. Riba ilikaa nasi miaka kumi kama mgeni asiyeulizwa atokako. Siku iliyovaa nguo ya njano ndipo tuliposimama tukaitambua.

Na upande wa pili haujasalimika. Tumemsikia mwanaume mwingine, huyu wa Kenya Kwanza wa kufa na kuzikana, ambaye miaka yote alikuwa mkali wa kukemea mikopo ya benki kiasi cha kumzuia bintiye asiombe mkopo wa serikali wa chuo kikuu. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima, hadi mjomba wake alipojitolea. Leo baba huyo huyo anawaeleza watu msikitini, baada ya sala, kwamba mkopo wa Rais ni "msaada kwa wanyonge" na kwamba anayeutia doa ni hasidi. Tungependa kujua bintiye anayasikiaje maneno hayo.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Wanaume hawa wawili hawapatani juu ya Rais, ila wamepatana katika jambo moja: kila mmoja ameichukua hukumu ya dini akaifanya fimbo ya siasa. Riba ni haramu ikija na huyu na ni haramu ikija na yule. Ikiwa mizani yetu hubadilika kwa kumtazama mwuzaji, basi tumeacha kupima.

Mizani hiyo hiyo tungeitumia katika sera nyingine, mazungumzo yangetulia kidogo. Chukua petroli. Rais aliapishwa tarehe 13 Septemba, na katika hotuba yake ya siku hiyo alisema ruzuku ya mafuta imekwisha kuigharimu serikali shilingi bilioni 144. Siku ya pili yake petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita, na mafuta ya taa yakapanda kwa shilingi 20. Aliyempigia kura anasema: nchi haiwezi kula kwa mkopo milele, na deni hili alilikuta. Asiyempigia kura anasema: ulituahidi kuwainua walio chini, nawe umeanza kwa kupandisha bei ya taa na jiko la aliye chini. Sisi twaona kauli zote mbili ni za watu wenye akili. Mwenye tuktuk ameongeza nauli, mwenye kuuza mchicha ameongeza bei kwa sababu ya nauli, na mama wa nyumbani amebaki na fedha zile zile. Mama huyo ana haki ya kulalamika hata kama alimchagua Rais mwenyewe. Kura si kiapo cha kunyamaza miaka mitano.

Mwaka huo wa 2022 mbolea ilishuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa gunia. Ni jambo jema kwa mwenye mvua. Ndugu zetu wa Ganze na Magarini, waliokosa mvua msimu baada ya msimu, gunia hilo lingewafaa nini kabla mbingu hazijafunguka? Hawa walihitaji maji na chakula, na kwa hilo serikali ya taifa na ya kaunti zote zilipasa kuulizwa, ya njano na ya chungwa.

Bandari je? Siku ile ile ya kuapishwa, Rais aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Ni miaka mingapi tumelia kwamba mizigo ikipelekwa bara kwa reli, madereva wa malori, makarani na mama ntilie wa kandokando ya barabara wamekosa riziki? Jambo tulilolilia limejibiwa, na tuliwaona watu waliofurahi kimoyomoyo, wakaona haya kulisema kwa kuwa aliyelijibu siye waliyemtaka. Mpe mtu haki yake, hata akiwa humpendi. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Surat al-Maida kwamba kuwachukia watu kusitupeleke katika kuacha uadilifu.

Turudi kwa mama wa Takaungu, kwani suala lake si la riba peke yake. Mumewe anataka kujua alimpigia nani kura. Katiba ya mwaka wa 2010 imeifanya kura kuwa ya siri, na siri hiyo haina mlango wa nyuma kwa ajili ya waume. Wako watakaotuambia kwamba sheria ya nchi ni kitu kimoja na twaa ya mke ni kitu kingine. Tunawakumbusha mambo mawili. Kwanza, wanawake Waumini walikwenda wenyewe kumpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya utiifu, na Surat al-Mumtahana ikaitaja bai'a yao kwa masharti yake, waume zao hawakuitoa kwa niaba yao. Pili, tukio la Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba kati ya Waislamu na Makureshi umeandikwa, masahaba wameuona ni mzito mno, na Mtume amewaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa vichwa. Hakuna aliyeinuka, hata baada ya kuamriwa mara tatu. Aliingia hemani kwa mkewe, Bi Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyompata. Bibi yule alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka.

Tazama palikuwa na jambo gani: mkataba, maadui, umma uliogawanyika juu ya uamuzi wa kiongozi. Hiyo ndiyo siasa yenyewe, na rai iliyoifungua fundo ilitoka kwa mke. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumwambia kwamba hayo si mambo ya kike. Basi dereva wa tuktuk wa Mnarani anapata wapi ubavu wa kusema kwamba rai ya mkewe juu ya Rais ni utovu wa adabu?

Kwa mama mwenyewe tuna neno pia. Jibu lako, ukhti, lilikuwa la kweli na lilikuwa la kuchoma. Ungaliweza kulisema milango ikiwa imefungwa. Na Fuliza yake haihalalishi mia tano yako. Umekwisha kulilipa deni, umetuambia, siku ya kumi, na hiyo ni heri. Usirudie, nawe utakuwa na haki ya kumtaka asirudie yeye.

Lakini "usirudie" ni neno jepesi kwa mwenye mshahara. Unga wa mahamri hauletwi na fatwa. Benki za Kiislamu zimekuwapo nchini tangu mwaka wa 2008, zikianza na Gulf African Bank na First Community Bank, lakini mwenye karai moja na asiye na dhamana hafiki kwao kwa urahisi. Kwa hiyo tunawaomba maimamu wetu mambo mawili: waitaje Hazina ya Hasla katika hotuba ya Ijumaa kwa hukumu yake, na katika pumzi hiyo hiyo waitaje M-Shwari na Fuliza, ili asiwepo atakayetoka msikitini akidhani kwamba imamu ana chama. Na viongozi wetu waliokaribu na serikali, ambao hawakosi kupiga picha na Rais, wampelekee Waziri wa Ushirika ombi la mkopo usio na riba kwa Waislamu. Iwe ni kwa njia ya murabaha au kwa qardhi hasana yenye ada ya gharama halisi, wataalamu wa kuiandika wako. Kudai hivyo si kumpinga Rais wala kumsujudia. Ni raia kuomba alichoahidiwa kwa namna atakayoweza kukila.

Na kuna jambo tusilohitaji kumwomba Rais wala Waziri. Katika mtaa wa mama huyu palikuwa na mchezo wa wanawake ishirini. Kila Ijumaa kila mmoja alitoa shilingi 200, zikakusanyika 4,000, akapewa mmoja kwa zamu. Hapakuwa na riba, wala akiba ya kuzuiliwa, wala ujumbe wa kumtisha mtu usiku. Aliyefikwa na ugonjwa au msiba alipishwa zamu. Mchezo ulidumu tangu kabla ya korona. Wiki iliyofuata kutangazwa kwa matokeo, watu walirushiana maneno, wengine wakaitwa wasaliti, wengine wakaja na leso za rangi za vyama, na wanawake tisa wakajitoa. Waliobaki kumi na mmoja hukusanya 2,200. Mama wa mahamri alikuwa katika wale tisa. Zamu yake ilikuwa iangukie Novemba, nayo ingalikuwa shilingi 4,000, mara nane ya alizokwenda kukopa kwa simu.

Tulizungumza na mshika fedha wa mchezo huo. Ni mtu mzima, hana maneno mengi, na kura yake haijulikani na yeyote, hata na wanawe. Ametuambia kwamba daftari limewaachia wale tisa mistari yao wazi, hajaandika majina mengine juu yake, na kwamba masharti ya kurudi ni mawili tu: mtu alipe michango ya wiki alizokosa, kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake, na asilitaje jina la mwanasiasa yeyote fedha zikiwa mkekani. Akishalifunga daftari, alisema, watu na wabishane watakavyo, birika ya chai iko. Hadi tunapoandika haya, watatu wamerudi.